Kutazama ndege wa pwani: kwa miguu au kwa mashua?

Anayetembea ufukoni hutegemea maji. Yakipwa sana, ndege hutawanyika mbali kwenye tope na kuonekana kama vitone. Lakini akifika saa mbili kabla ya maji kujaa, mawimbi yenyewe humsogezea makundi hayo hadi karibu. Hapo ndipo utamwona kitwitwi akikimbia hatua chache, akasimama ghafla, akainamisha kichwa na kudonoa mnyoo, kisha akakimbia tena, kwa kuwa huwinda kwa macho, ilhali jamaa zake wenye midomo mirefu hupapasa ndani ya tope. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, umeshawakaribia kupita kiasi. Rudi nyuma taratibu, kwani baadhi yao wanajiandaa kwa safari ndefu mno. Mwaka 2022, ndege mmoja mchanga wa aina hiyo yenye midomo mirefu aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, bila kutua.

Mashua hukupeleka kwa viumbe ambao ufuko hauwezi kukuonyesha vizuri: pomboo, nyangumi, na ndege wa bahari kuu ambao huja nchi kavu kuzaliana tu. Hata hivyo chombo huyumba, hivyo darubini ya kukuza mara 7 au 8 hufaa kuliko ya mara 10, na mara nyingi ndege hupita kabla hujamlenga.

Kwa anayeanza, mimi ningechagua miguu bila kusita, kwa sababu ufukoni mtu hupata muda wa kumtazama ndege mmoja hadi amjue.