Kamera ya harusi: uanze na ipi, na lenzi gani zifuate

Saa tatu usiku MC anawaita maharusi waingie. Taa kubwa za ukumbi zimezimwa, zimebaki za rangi zinazozunguka, moshi umepulizwa mlangoni, na bibi harusi anaingia akicheza na gauni lake jeupe, bwana harusi kando yake kavaa suti nyeusi. Una kama dakika tatu. Kamera nyingi zinazopiga vizuri bustanini saa kumi jioni hushindwa hapo. Fokasi inahangaika mbele na nyuma, nyuso zinatoka na ukungu, gauni linaungua kwa mwanga hadi lesi yake haionekani. Mtu akiniuliza anunue kamera gani ya harusi, nazifikiria dakika hizo tatu, na ndizo nilizotumia kupanga orodha hii.

Kazi hii naifanya Dar es Salaam, mara nyingine Bagamoyo na Zanzibar, na kwa kuwa ni mwanamke huitwa sana upande wa akina mama, kwenye kupamba na kicheni pati. Namwandikia anayeanza, mwenye akiba ya kununua mara moja tu.

Kwanza kabisa, kadi mbili

Mwaka wangu wa pili nilipiga nikah moja kwa kamera yenye tundu moja la kadi. Mchana kadi ikagoma kusomeka. Programu ya kuokoa mafaili ilirudisha picha za chakula na za wageni, lakini zile za baba wa binti ameshikana mkono na mkwewe wakati wa kuozesha hazikurudi hata moja. Nilikwenda nyumbani kwao, nikawaeleza ana kwa ana, nikarudisha fedha yote. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ukimya ule ninao hadi leo.

Kwa hiyo kamera yenye tundu moja, hata iwe mpya na nzuri namna gani, kwangu haiwezi kuwa kamera kuu ya harusi. Inaweza kuwa ya pili, ya kubeba lenzi nyingine begani. Kamera yenye matundu mawili unaipanga iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine ipo.

Mpangilio wangu wa kamera

1. Canon EOS R6 (2020). Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu kama fedha inatosha, na ya mtumba iliyotunzwa inatosha kabisa. Ina matundu mawili ya kadi za SD. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inaelea kufidia mtikisiko wa mkono, na fokasi inafuata jicho la mtu hata kwenye giza ambalo wewe mwenyewe unamtambua kwa umbo tu. Wapo watakaokuambia picha zake za megapikseli 20.1 ni ndogo. Nimechapisha albamu za kurasa pana kutokana na picha za ukubwa huo na hakuna mteja aliyelalamika, na mafaili yake hayajazi diski haraka.

Lakini sababu kubwa ya kuiweka juu ni lenzi. Kwa adapta ya Canon yenyewe, R6 inakubali lenzi zote za EF, zile za kamera za Canon za zamani zenye kioo, na zinafanya kazi kama zilizaliwa nayo. Lenzi za EF zimejaa mjini, za kununua na za kukodi. Lenzi yako ikianguka Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi kuna mwenzako wa kukuazima ya kwake. Hata betri za LP-E6 za kamera hizo za zamani zinaingia.

Mrithi wake, R6 Mark II ya 2022, ni bora zaidi, ila kwa anayeanza tofauti ya bei ni afadhali iende kwenye lenzi na flashi.

2. Sony A7 III (2018). Ilipotoka iliuzwa karibu dola 2,000 Marekani bila lenzi, na leo ya mtumba imeshuka kiasi cha kufikika. Ina megapikseli 24.2, matundu mawili ya kadi, na betri ambayo kwangu humaliza kanisa na nusu ya sherehe kabla sijabadilisha. Vivuli vyake vinasameheka sana: ukipiga uso ukawa na giza kidogo kulinda gauni, unauinua baadaye bila kutoka na chembechembe za ovyo. Kwa ngozi zetu karibu na shela nyeupe, hilo lina uzito kuliko idadi ya megapikseli.

Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu ya lenzi za kuazima, na kwa sababu skrini yake haigeuki upande. Hata hivyo anayeanza bila kitu chochote, asiye na lenzi ya Canon hata moja, anaweza kuiweka ya kwanza wala sitambishia. Tahadhari moja kwa kamera za Sony zinazopita Dubai au kuagizwa moja kwa moja kutoka Japani: zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani menyu yake huwa ni Kijapani pekee, na lugha haibadilishiki. Iwashe na uangalie lugha kabla hujatoa fedha.

3. Nikon D750 (2014). Kamera yenye kioo, ya zamani, na bado nawashauri wenye mfuko mdogo waitafute. Ina matundu mawili ya SD na megapikseli 24.3, na vivuli vyake vinainuka vizuri kama vya Sony. Nikon ilitangaza zaidi ya mara moja kurekebisha bure shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga) za baadhi ya D750, kwa hiyo muulize muuzaji kama yake ilirekebishwa, na namba yake uilinganishe na tangazo hilo kwenye tovuti ya Nikon.

4. Canon 5D Mark III (2012). Imejenga majina ya wapiga picha wengi wa mji huu. Ni imara, fokasi yake ina pointi 61, nayo ina matundu mawili. Naishusha kwa mambo mawili. Tundu moja ni la kadi za CF, ambazo ni ghali kuliko SD, na vijipini vya ndani hupinda kadi ikiingizwa kwa haraka. La pili ni vivuli. Uso uliotoka mweusi ukiuinua kwenye kompyuta, mistari na madoa ya rangi hujitokeza. Ukiinunua, jifunze kuupatia mwanga uso palepale.

5. Zenye tundu moja: Canon 6D, EOS RP, R8. Zote zina sensa kubwa na picha zake ni nzuri. Ni za begani, za pili. R8 hasa ina fokasi kali sana, ila betri yake ndogo inakulazimu utembee na tatu au nne.

6. Canon 2000D na 4000D na lenzi yake ya 18-55. Ndizo zinazopangwa mbele madukani Kariakoo, na vijana wengi huzinunua wakijua wameingia kazini. Ni kamera za kujifunzia, na kwa kujifunza ni nzuri. Lenzi inayokuja nayo ikivutwa hadi mwisho inafungua f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo. Ukumbini, picha ambayo lenzi ya f/2.8 inaipata kwa ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga), hiyo itadai ISO 12800 kwa kasi ileile, na sensa ile haifiki huko ikiwa salama. Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Inunulie 50mm f/1.8 na uongozane na mpiga picha mwenye uzoefu kama msaidizi wake.

Lenzi, na kwa nini fedha nyingi iende huku

Gawa akiba yako hivi: nusu au chini ya nusu kwa kamera, iliyobaki kwa lenzi, flashi, kadi na betri. Nimeona kamera ya bei kubwa ikiwa na lenzi dhaifu, na nimeona D750 kuukuu ikiwa na lenzi nzuri na flashi iliyotulia. Albamu iliyotoka kwa ile D750 ndiyo ningeinunua.

Ya kwanza ni lenzi ya kuvuta ya 24-70mm f/2.8. Hiyo peke yake inabeba harusi nzima, kuanzia kuvalishwa, kanisani, hadi picha za ukoo ambapo shangazi kumi na wawili wanataka kuonekana wote. Kwa Canon tafuta EF 24-70 f/2.8L II ya mtumba. Kwa Sony, Tamron 28-75mm f/2.8 ni nyepesi, kali, na bei yake haiumizi. Ila ile 28 itakubana chumba cha bibi harusi kikiwa kidogo, nawe utaishia umeegemea kabati.

Ya pili ni 85mm f/1.8. Canon wana yao ya EF ya tangu 1992 ambayo bado nzuri, Sony wana ya 2017. Inapokea mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na inakuwezesha kusimama mbali. Kwenye kupamba, bibi harusi ameketi kajitanda, hina mikononi, wanawake wamemzunguka wakiimba, hutaki kumsogelea usoni. Ukiwa hatua nne mbali na 85 unalipata chozi bila kulivuruga.

Ya tatu ni 35mm au 50mm f/1.8. Kama fedha imekwisha, 50 ndiyo lenzi rahisi kuliko zote, na watu wengi wanaidharau kwa sababu ya bei yake.

70-200mm f/2.8 ni ya kukodi mwanzoni. Kanisa kubwa ambalo padri hataki uvuke mstari wa mabenchi, utaihitaji. Lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na fedha yake inatosha ile 85mm na ile 50mm pamoja na flashi. Kodi, ukishapata kazi za kanisani mfululizo, nunua.

Flashi si ya kuongezea baadaye

Godox TT685 inayotumia betri za kawaida za AA inatosha kuanza. Godox V1 yenye kichwa cha mviringo na betri yake ya kuchaji ni raha zaidi, maana inawaka upya haraka na hutasumbuka na betri nne kila saa. Hakikisha umechukua ya kamera yako, kwa sababu ya Canon, ya Nikon na ya Sony ni tofauti ingawa boksi zinafanana.

Wengi wanaielekeza darini, mwanga urudi laini. Ukumbi wenye dari jeupe utakupa picha nzuri sana. Lakini tazama juu kwanza. Wapambaji wetu wanapenda vitambaa, na dari likifunikwa zambarau au dhahabu, mwanga unarudi na rangi hiyohiyo usoni kwa bibi harusi. Hapo elekeza flashi kwenye ukuta, au weka ya pili kwenye stendi pembeni na triga, kifaa cha kuiwasha kwa mbali, juu ya kamera. Ufukweni Kigamboni jioni hakuna dari kabisa, hiyo ya stendi ndiyo kila kitu.

Msikitini, na makanisa mengi wakati wa viapo, flashi hairuhusiwi. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti inasaidia sana, ila taa za LED hutoa mistari kwenye picha ukitumia shata hiyo. Piga mbili za majaribio kabla ibada haijaanza. Na DJ akiwasha leza, usiielekezee kamera. Miale yake huunguza sensa, na alama haifutiki.

Siku ya kununua ya mtumba

Nenda mchana, na kadi zako mbili, tochi, flashi ya kuazima na mwenzako mmoja. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Joto na unyevu wa pwani huzaa kuvu ndani ya vioo, huonekana kama nyuzi za buibui. Ukiziona, iache hata bei ikipunguzwa nusu. Halafu funga lenzi hadi f/16, piga anga au karatasi nyeupe, kuza picha uangalie pembe zote. Madoa ya vumbi husafishika, mstari mnyoofu wa rangi hausafishiki.

Uliza idadi ya mibofyo ya shata na uihakikishe. 5D Mark III na D750 zilipimwa kwa mibofyo 150,000, A7 III kwa 200,000, R6 kwa 300,000. Kupita hapo haina maana itakufa kesho, ina maana unapunguziwa bei. Jaribu matundu yote mawili ya kadi, na uchomeke flashi juu uone inawaka. Mwisho, andikishana na muuzaji, namba ya kamera na ya kitambulisho chake ziwe kwenye karatasi, kwa sababu kamera za wizi zinazunguka na polisi wakiikuta kwako maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Kadi usinunue barabarani. Zipo zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani ni GB 8, zinakubali picha zote na kupoteza zilizozidi. Kila kadi mpya ijaze yote kwa programu ya h2testw kwenye kompyuta kabla haijaingia kazini. Inachukua saa kadhaa, ifanye usiku ukiwa umelala. Na kamera ikifika nyumbani, iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa kama robo saa kwanza, maana ukiitoa mara moja kwenye joto la nje lenzi itatoka jasho, na bibi harusi atakuwa ameshashuka garini.