Msimamizi wa mahakama au msaidizi wa kuamua: kesi ya Marekani

Mtu mzima akionekana hawezi kujiamulia, mahakama inaweza kumwekea msimamizi wa kumwamulia, na wengi tumejua haya mambo kupitia yule mwimbaji Britney Spears. Kule California mahakama ilimpa babake usimamizi 2008, pesa na maisha yake yote, na dada wa watu huku anapiga shoo Las Vegas kama kawaida, na Juni 2021 akamwambia jaji hata kitanzi cha kuzuia mimba hawaachi akatolewe ili azae, yaani mtu mzima! Usimamizi ukafutwa Novemba 2021, miaka 13 imekatika.

Sasa njia ya pili, ya msaidizi wa kuamua, Texas walianza nayo 2015, unachagua mwenyewe mtu unayemwamini, mnasaini makubaliano mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji (notary), yeye anakusomea makaratasi ya benki au ya daktari na kukufafanulia ila anayeamua ni wewe. Haina mambo ya kesi, gharama kidogo.

Mi naona hii ya pili ndo ianze. Ila mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umemzidi hadi hatambui wanawe, hapo atasaini nini? Huyo msimamizi anamhitaji, bora jaji awe anakagua hesabu kweli kweli. California nao tangu 2023 jaji lazima aangalie kwanza njia nyepesi, japo wamechelewa.