Nilikodi jenereta, nikaulizwa shemeji yuko wapi

Kwanza niseme nilikuja hapa kutoa nyota moja, katikati nikataka kutoa nne, sasa hivi nimeshika simu na wala sijui natoa ngapi.

Ishu ilikuwa hivi. Juzijuzi, ile wiki ya mvua, nilikuwa nabadilisha tailizi za bafuni na korido. Nipo Kinyerezi, mitambo ya kufua umeme wa gesi ipo hukuhuku kwetu, wageni wakija tunawaonyesha, na bado mimi ndo nikabaki giza na fundi ndani. Umeme ulikatika kama saa nne asubuhi, fundi keshakoroga gundi ndoo nzima, na zile tailizi za kuzunguka choo huwezi kuzikata na kikataji cha mkono, kile kinakata mstari ulionyooka tu, kona na tundu la bomba lazima grinda. Na gundi ikishakorogwa haimsubiri mtu. Nikaomba namba kwenye grupu la mtaa, nikapewa ya jamaa wanaokodisha jenereta, siwataji, wakisoma watajijua. Elfu arobaini kwa siku, dhamana laki, nikatuma fasta. Wakasema nusu saa.

Nusu saa gani! Kirikuu imefika saa nane mchana. Gundi imeshakuwa jiwe, tumeibwaga nyuma ya nyumba na mpaka leo ipo pale ina umbo la ndoo. Kijana aliyeleta anataka kuweka jenereta koridoni eti isilowe, nikamwambia mdogo wangu ule moshi unaua watu na hewa yake mbaya hata harufu haina, weka barazani kule mwisho mbali na madirisha, akanitazama kama namfundisha uchawi. Akaweka, nikatia petroli yangu, akavuta kamba mara moja ikawaka, akaondoka zake.

Fundi kubonyeza grinda tu, jenereta ikaguna, ikazima. Tukawasha tena, ikazima. Mara ya tatu nikapiga simu kwao.

Sasa hapa ndo penyewe. Kapokea kaka mmoja ana sauti nzito, namweleza vizuri tu, kaka habari za saa hizi, jenereta yenu inazima tukiwasha grinda. Hata sijamaliza. "Dada, shemeji yupo hapo karibu? Mpe simu nimwelekeze." Nikamwambia shemeji yako yupo Dodoma, nielekeze mimi. Akacheka! Akasema, "Haya mpe hata fundi, mambo ya mashine haya nitakuchanganya bure."

Atanichanganya bure. Mimi niliyelipa, mimi niliyenunua petroli, mimi niliyemzuia kijana wao asituue kwa moshi, ndo nachanganyika.

Nikampa fundi simu maana ndoo ya pili ilishaanza kukorogwa. Hawakuongea hata dakika. Fundi akaenda nyuma, akachomoa pampu ya kisima ambayo saidia fundi alikuwa kaichomeka kwenye ekstensheni hiyohiyo ili ajaze pipa, na grinda ikapiga kazi mpaka saa kumi na mbili bila kukohoa. Kumbe mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea, na pampu ni mota, grinda ni mota, jenereta ndogo haiwezi zote kwa mpigo. Basi. "Chomoa pampu." Maneno mawili! Maneno mawili ndo mpaka mtu asafiri kutoka Dodoma? Na huyo shemeji ninavyomjua mimi, balbu tu ikiungua anamwita mtoto wa jirani.

Ukweli lazima niseme, mashine yao ni nzima na kosa la pampu lilikuwa letu. Mafuta haili sana, lita tano zilitupeleka mpaka jioni na zikabaki. Kesho yake umeme ukakatika tena nikawapigia walewale (nichekeni tu), ikafika mapema, tukamaliza korido yote, na kijana wa kirikuu akasaidia kubeba maboksi ya tailizi bila kuombwa. Hapo ndo nilitaka kutoa nyota nne.

Mpaka nilipoenda kudai dhamana. Kaka yuleyule, nimemjua kwa sauti, kakata elfu ishirini eti tanki limerudi tupu. Lilikuja tupu! Nikamwonyesha risiti ya sheli, akaigeuzageuza, akaniambia nimlete aliyepokea mashine siku ile. Aliyepokea ni mimi. Akasema basi tutaona.

Nyota mbili, moja ya jenereta na moja ya kijana wa kirikuu. Halafu ile ekstensheni yao ndefu wameisahau kwangu, wameshapiga simu mara mbili kuiulizia. Nimewaambia ipo, ila mambo ya mashine mimi yananichanganya, anayejua ilipowekwa ni shemeji, wamsubiri arudi kutoka Dodoma.