Iaito ya shaku 2.45: nimeipenda kwa ala yake kuliko bapa lake

Kwa asiyejua, iaito ni upanga wa mazoezi wa iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, kukata na kuurudisha alani. Haukati. Bapa lake ni la zinki iliyochanganywa na aluminiamu, likapakwa kromi ling'ae kama chuma, na mstari ule wa mawimbi unaouona kwenye makali ni urembo tu. Wangu niliuagiza kwenye duka la vifaa vya budo, sanaa za mapigano za Kijapani, mjini Kyoto kwa yeni 58,000: bapa la shaku 2.45, yaani sentimita 74 hivi, lenye mfereji pande zote mbili, na mpini uliofungwa uzi wa pamba juu ya ngozi ya samaki aitwaye taa.

Tathmini nyingi za iaito huanza na bapa. Mimi naanza na ala, tena nina sababu: natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na kwenye iaido hakuna cha mashoto. Wote tunavaa upanga ubavuni kushoto na kuchomoa kwa mkono wa kulia. Ila mkono wa kushoto ndio unaoishika ala, na huko ndiko kazi iliko. Kidole gumba kinasukuma tsuba, kile kikingio cha mkono, ili upanga uachie mdomo wa ala. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unaivuta ala nyuma, kiuno kinageuka, na ncha ikitoka tu, mkato wa kwanza umeshapita. Anayevuta kwa mkono wa kulia peke yake huishia kuikwangua ala kwa ndani mpaka itoe unga wa mbao.

Ala hii ni ya mti wa honoki, mdomo wake umezungushiwa pembe ya nyati. Ilipofika ilibana sawasawa: ukiugeuza upanga kichwa chini hauchomoki, ukibonyeza kwa gumba unaachia bila kelele. Hapo fundi kanifurahisha. Kipimo changu kilikuwa Tsuka-ate, mojawapo ya kata 12, yaani mifululizo ya mienendo iliyopangwa, za Shirikisho la Kendo la Japani. Unakaa goti moja juu, unampiga adui wa mbele kwa kitako cha mpini upanga ukiwa bado alani, halafu mkono wa kushoto unaivuta ala peke yake ili bapa libaki wazi, unamgeukia wa nyuma na kumchoma. Ala ikikwama hapo, umekwisha. Hii haikukwama.

Mbao lakini ni mbao. Msimu wa mvua wa Juni mdomo ulivimba ukawa mgumu kufungua, baridi ilipokuja ukalegea hadi upanga ukawa unateleza wenyewe nikiinama. Nimebandika ndani kipande chembamba cha mbao kwa gundi, basi. Hilo siwezi kulihesabu kuwa kasoro ya duka, hata panga za chuma zina tabia hiyohiyo.

Kuhusu urefu, nina sentimita 169. Jedwali la duka lilinielekeza kwenye shaku 2.4, sensei akaangalia mikono yangu akasema ongeza. Alikuwa sahihi. Bapa fupi linatoka alani hata ukizembea kiuno, na unadhani umejua. Hili linanilazimisha nivute ala hadi mwisho. Tunafuata Muso Jikiden Eishin-ryu, mkondo uliopangwa upya na Oe Masamichi kule Tosa, ambayo leo ni Kochi, na ambao nasaba yake inarudi hadi kwa Hayashizaki Jinsuke wa karne ya 16. Waliotutangulia hawakuwa na jedwali la duka.

Mfereji unalia vizuri ukikata sawa, fyuu! Wageni wanapenda mno. Mimi naona unabembeleza: mfereji hulia hata kwa mkato wa wastani, mradi makali yamefuata njia. Mkubwa mmoja dojoni, ukumbi wetu wa mazoezi, ana upanga usio na mfereji, na upepo wake ukisikika ujue amekata kweli.

Malalamiko ninayo mawili. Sageo, ile kamba ya kufungia ala kiunoni, iliyokuja nao ni ya nyuzi za plastiki, inateleza na fundo halikai kiunoni. Nimeibadilisha kwa ya pamba. La pili ni muda. Niliahidiwa miezi miwili, ikapita zaidi bila hata ujumbe, mpaka nilipopiga simu mwenyewe. Duka linalouza vitu vya watu wenye adabu vile lingeweza kutuma barua pepe moja.

Utunzaji hauna mengi. Futa jasho, paka mafuta kidogo ili uteleze, na unga ule wa kusafishia panga za chuma uuweke mbali kwani utakwangua kromi. Kabla ya kila zoezi tazama mekugi, kijiti cha mwanzi kinachoshika bapa ndani ya mpini. Kikivunjika, bapa linaruka dojoni. Na usiugonge popote, aloi hii huvunjika.

Upanga wa chuma Japani lazima uwe na kadi ya usajili ya bodi ya elimu ya mkoa, iaito haihitaji. Hata hivyo sheria hairuhusu kutembea nayo bila sababu ya maana, kwa hiyo kwenye treni ikae ndani ya mfuko uliofungwa.

Duka litakushawishi uongeze pesa upate tsuba ya kupendeza au uzi wa hariri. Mimi ningeacha vyote viwili. Kama yeni 10,000 za ziada zipo, omba ala iliyoongezewa nguvu mdomoni, na uagize mapema kuliko unavyodhani.