Kava la kompyuta yangu lilipasuka penye bawaba: siku 23 za kudai waranti nikiwa Kigoma

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, na msimu wa mitihani ukifika walimu wananiletea kazi hadi usiku. Kompyuta mpakato ninayoizungumzia niliinunua Februari 2025 Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 1,480,000. Mdogo wangu ndiye aliyeenda dukani. Ilikuwa mpya, ya kwenye boksi: inchi 15.6, Core i5, RAM GB 8, SSD GB 512, waranti ya mwaka 1. Mwili wake wote ni wa plastiki, ila umepakwa rangi ya fedha, na kwa mbali unaweza kuapa kwamba ni chuma.

Nianze na sifa zake, maana inazo. Inawaka haraka, kibodi yake ni laini hata ukichapa kurasa 40 vidole havilalamiki, na umeme ukikatika inanivusha saa nne na zaidi nikipunguza mwanga wa kioo. Kwa kazi yenyewe haijawahi kuniangusha. Shida yangu yote iko kwenye kava.

Mwezi wa 8 hivi nilianza kuhisi bawaba ya kushoto imekuwa ngumu. Nikifungua, upande wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata kwa kusitasita. Nikajua ni vumbi tu. Kiangazi hapa meza ukiifuta asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Nikaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipokosea, na ningependa yeyote anayesoma akihisi ugumu wa namna hiyo asingoje hata wiki. Waranti ilikuwa bado mbichi, na bawaba iliyokaza ni kasoro ambayo hakuna anayeweza kukubishia.

Novemba, Jumatatu asubuhi, nafungua nimchapie barua mama mmoja wa Kibirizi, nikasikia "taa!" kama kijiti cha kiberiti kinavunjika. Kwenye kona ya chini kushoto ya kava la kioo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umepanda sentimita 4 hivi. Nikifunga kompyuta, ufa unafumba. Nikifungua, unatanuka. Nilichukua karatasi ya A4 nikaichomeka pale, ikaingia bila kukwama. Siku ya tatu zikaingia karatasi tatu kwa pamoja, na kava likawa linabinuka upande ule kila nikigusa kioo.

Nilimpelekea fundi mmoja kijana hapa sokoni ambaye hunitengenezea printa. Alimulika tochi ya simu kwenye ule ufa, akaniita nichungulie. Ndani kulikuwa na kikombe kidogo cha shaba, hakizidi punje ya mtama, kinaning'inia kwenye skrubu, na pembeni yake makombo ya plastiki nyeusi. Akanieleza, na tangu siku hiyo naziona kompyuta za watu kwa jicho jingine.

Bawaba ni ya chuma. Imekazwa makusudi ili kioo kikae pale unapokiacha kisianguke. Inashikwa na skrubu ndogo tatu au nne, na hizo skrubu haziingii kwenye chuma. Zinaingia kwenye vile vikombe vya shaba, ambavyo kiwandani huchomekwa kwa moto ndani ya vinguzo vya plastiki. Kwa hiyo nguvu yote ya kufungua na kufunga mwisho wake inatua kwenye plastiki nyembamba. Kioo nacho ni kama mpini mrefu: ukikishika juu na kukivuta, kule chini nguvu inakuwa imeongezeka mara nyingi. Bawaba ikiwa laini, plastiki inavumilia. Bawaba ikikaza, au skrubu moja ikilegea, kikombe kinaanza kung'oka kidogo kidogo. Ukifungua kwa mkono mmoja kwa kushika kona, bawaba moja inabeba mzigo wa mbili. Mimi nilikuwa nafungua hivyo, mkono mmoja una karatasi za mteja. Lakini kifaa kinachouzwa kwa kazi za ofisi kinapaswa kuvumilia kufunguliwa na mtu mwenye karatasi mkononi, na hilo nililisimamia hadi mwisho.

Nikamwambia, basi itengeneze. Akakataa.

"Dada, mimi nikishatia bisibisi hapa, hao wa waranti watasema nimeivunja mimi. Wadai kwanza. Wakikukatalia kabisa, rudi, tutapiga gundi na bolti."

Alikuwa na kila sababu ya kuchukua 30,000 yangu siku ile. Hakuichukua, na sitamsahau.

Nikawatafuta wa dukani kwa WhatsApp, nikatuma picha moja ya ufa. Jibu lilikuja baada ya dakika 10: "Pole dada. Waranti haihusu kupasuka. Hiyo imedondoka. Kava na bawaba ni 260,000."

Niliumia, kwa sababu kompyuta ile haijadondoka hata siku moja. Inalala mezani, inaamka mezani. Nikakaa chini nikasoma karatasi ya waranti yote, na ile ya maandishi madogo. Imeandikwa kwamba inahusu kasoro za malighafi na za utengenezaji, na haihusu ajali, kudondoka, maji, wala kufunguliwa na fundi asiyeruhusiwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba plastiki haihusiki. Swali likawa moja tu: ufa umetokana na kugonga, au umetokana na bawaba?

Na hilo linaonekana kwa macho. Kompyuta iliyodondoka huwa na alama pale ilipotua: kona imebonyea, rangi imechubuka, plastiki imesagika kwa nje. Yangu kona zote nne zilikuwa safi. Ufa ulianzia juu ya bawaba, kutoka ndani kwenda nje, na plastiki ilikuwa imetuna, haikubonyea. Nikapiga picha 6: kona nne, ufa wenyewe, na kile kikombe cha shaba kwa tochi kupitia uwazi, bila kufungua skrubu hata moja. Nikarekodi na video ya sekunde 15, nafungua taratibu kwa mikono miwili, kava linainuka lenyewe juu ya bawaba. Nikaandika: "Kaka, kama imedondoka, naomba unioneshe ilipogonga."

Siku mbili kimya.

Wakati nasubiri nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Chini ya kompyuta kuna namba ya utambulisho ya mashine (serial number), ile ndefu yenye herufi na tarakimu. Nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikaiandika, ikanionesha kwamba waranti inaendelea hadi Februari 2026 na kwamba inahudumiwa Tanzania. Hiki kipengele cha nchi kiangalieni kabla hata ya kulipa, maana ziko kompyuta zinazoletwa kupitia Dubai ambazo waranti yake ni ya soko la huko. Ikiharibika hapa, mtengenezaji hakutambui. Nikagundua pia kwamba waranti ya mtengenezaji na maneno ya muuzaji ni vitu viwili. Duka linaweza kukataa, mtengenezaji akakubali. Nikawaandikia kituo chao cha huduma cha Dar es Salaam moja kwa moja, nikaambatanisha picha, video na risiti.

Risiti ilikuwa na kisa chake. Mdogo wangu aliambiwa dukani kwamba bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, atapunguziwa bei. Nilikuwa kwenye simu, nikamwambia chukua risiti. Na ilipofika nikaitolea kopi siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ya EFD haina wino. Inaandikwa kwa joto, na ikikaa kwenye droo yenye joto inafifia hadi inabaki nyeupe. Kazi yangu ni kopi, nimeshaona wengi wanaleta risiti tupu wakilia. Ile yangu halisi mwezi wa 11 ilikuwa inasomeka nusu. Kopi ndiyo iliyonisaidia.

Kwenye barua yangu niliongeza kwa heshima kwamba wakikataa bila kueleza sababu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ile FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji. Siwezi kusema kama ndicho kilichowagusa au ni zile picha. Kesho yake nilipewa namba ya kesi na dada mmoja mwenye sauti ya upole akanipigia: "Tumeona, mama. Itume."

Kutuma ndiyo sehemu ambayo mtu wa Dar haielewi. Kituo kiko Dar peke yake. Kwanza nikahamishia kazi zote kwenye diski ya nje, kisha nikafuta folda za wateja, kwa sababu mle kuna vyeti na vitambulisho vya NIDA vya watu walioniamini. Nikaifunga kwa taulo, nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaingiza kwenye boksi lake la mwanzo, na boksi ndani ya boksi la karatasi za A4. Stendi ya Masanga nikakuta buti la basi limejaa madumu ya mawese na magunia ya dagaa. Dumu moja lilikuwa linavuja kwenye mfuniko, mstari mwekundu umeshachora sakafu. Nilimsihi kondakta aipandishe juu, akaiweka nyuma ya kiti cha dereva. Nauli 20,000.

Walikaa nayo. Wiki ya kwanza waliniambia wanakagua, ya pili kwamba kipuri kimeagizwa, ya tatu hawakupokea simu mara mbili, na hapo ndipo presha ilipanda. Namba ya kesi ilinisaidia sana, kwa kuwa kila anayepokea anaona mazungumzo yote, sikulazimika kuanza upya. Siku ya 23 nikaichukua Masanga. Walikuwa wamebadilisha kava la nyuma la kioo na bawaba zote mbili. Sikulipa kipuri wala ufundi. Fremu ya mbele walirudisha ileile, ina mkwaruzo ambao haukuwepo, na nimewaandikia kuhusu hilo.

Tupige hesabu, maana "bure" ya waranti kwa sisi wa huku ina gharama. Kutuma na kurudisha 40,000. Kompyuta niliyoazima kwa mwalimu jirani kwa 5,000 kwa siku, siku 23, ni 115,000. Jumla 155,000. Bado ni nafuu kuliko 260,000 waliyonitajia mwanzo, na vipuri ni vya kiwandani. Lakini kama waranti ingekuwa imeisha na ufa ni mdogo, na huna kompyuta ya pili, mtu anaweza kuona bora fundi wa mtaani. Siwezi kumlaumu. Ila nawaomba msitumie supa gluu kwenye bawaba. Inakauka ngumu na kukatika kama kioo, na ikitiririka inaganda ndani ya bawaba yenyewe, basi unazidi kuikaza. Fundi wangu anatumia gundi ya epoksi ile ya mirija miwili, anaacha siku nzima ikauke, na pakiwa pameoza kabisa anapitisha bolti kutoka nje. Haipendezi, lakini inashika. Hayo yote ni baada ya waranti kuisha au kukataliwa.

Kompyuta yenyewe naipa nyota 3 kati ya 5. Ingekuwa na kava la chuma, au hata chuma kidogo chini ya zile skrubu, ningeipa 5 bila kufikiri. Kituo cha huduma nakipa 3 kwa sababu walikubali na walitengeneza vizuri, wakapoteza mbili kwa ukimya wa wiki ya tatu na ule mkwaruzo. Duka nalipa 1. Kumwambia mteja amedondosha kitu bila hata kuuliza swali moja si biashara.

Kava jipya ni la plastiki ileile, na kipuri hakikuongezewa muda. Waranti ilibaki ya kuisha Februari 2026 kama kawaida. Kwa hiyo sasa nafungua kwa mikono miwili, au kwa kushika katikati ya kioo juu. Kila Jumamosi kabla ya kufunga duka naifungua taratibu, nasikiliza, naangalia kama pande zote mbili zinakwenda sawa. Jumamosi iliyopita ya kulia ilitoa mlio mdogo. Nimeirekodi video, nimeituma kwenye namba ileile ya kesi.