Vifuniko vya soda au duka la kuchezea?

Mtoto wa gredi ya kwanza hapa Kisumu anahitaji vyote viwili ili ajifunze hesabu, ila havifundishi jambo moja. Vifuniko ndivyo vinavyomfunulia makumi na mamoja: akitia kumi kwenye kikombe, vitatu vikabaki mezani, 13 anaiona kwa macho. Mwambie atoe 5. Vitatu havitoshi, kwa hiyo lazima amwage kikombe, na hapo kukopa katika hesabu ya kutoa (kuvunja kumi kuwa mamoja) kunaeleweka kabisa. (Kama kuna mdogo wake, angalia asivimeze.)

Duka la kuchezea, la kuuza nyanya kwa sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20, linafundisha chenji, na watoto hulipenda zaidi. Lakini sarafu ya 10 haionyeshi mamoja yaliyomo ndani yake. Mimi ningeanza na vifuniko. Duka lifuate akishamwaga kikombe bila kuambiwa.