CELTA au cheti cha mtandaoni cha "saa 120"?

Namba "saa 120" imejaa kwenye matangazo ya kozi za ualimu wa Kiingereza, na peke yake haikwambii lolote. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha ya kwanza, nayo ni saa 120 hivi, ila ndani yake unafundisha saa 6 wanafunzi halisi wa viwango viwili, mkufunzi akiwa nyuma anaandika, halafu mnalijadili somo lako hatua kwa hatua. Hapo ndipo mwalimu huzaliwa.

Kozi za bei ya chini hutoa video na maswali ya kuchagua jibu. Ukisimama mbele ya Wakongo jijini Kampala, mmoja akasema "I have seen him yesterday", utajua ni kosa. Lakini kugundua kwamba ameufuata wakati uliopita wa Kifaransa, na kumchorea mstari wa wakati ubaoni, video haikufundishi.

CELTA ya kutwa huchukua wiki 4 au 5, na kazi 4 za kuandika. Usiichanganye na kibarua. Ukiwa na kazi, chagua ile inayosambazwa kwa muda mrefu. Trinity CertTESOL, cheti cha ualimu wa Kiingereza cha Trinity College London, ni ya ngazi ileile. Kozi nyingine yoyote, kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta mtoaji cheti kwenye rejista ya Ofqual, mamlaka ya Uingereza inayosimamia vyeti na mitihani, kisha uulize: saa ngapi za kufundisha, na nani atanitazama?